Digrii Themanini na Nane

Ilipofika saa mbili asubuhi, kila mtu katika karakana ya hospitali alikuwa amekwisha kumhukumu dereva, na kilichobaki kilikuwa muhuri tu. Muhuri huo alikuwa nao Mkaguzi wa magari wa polisi, mama wa miaka hamsini na ushei, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na begi la vifaa ambalo hakuruhusu mtu amshikie hata kwa heshima. Mafundi walimwita Mama Vipimo, ila si mbele yake. Jina alilijua na halikumkera. Kilichomkera ni kuitwa mahali aje kugonga muhuri juu ya maneno ya watu wengine.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Siku nne kabla ya hapo, gari la wagonjwa lilikuwa linamkimbiza mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa moyo, kwenda hospitali kubwa. Katikati ya mlima injini ikachemka, ikatoa mvuke mweupe, ikazima, na isiwake tena. Gari la pili lilichukua dakika arobaini kufika. Mwalimu hakuzimaliza dakika hizo. Binti yake alikuwa amekaa pembeni yake, amemshika mkono.

Dereva alikuwa mzee aliyeendesha magari ya hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili, na kwa jinsi alivyokanyaga mafuta kwa adabu walimpa jina la Mzee Taratibu. Sasa alikuwa mahabusu. Alichosema siku ile ndicho alichosema kila alipoulizwa: mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa katikati, palepale panapotakiwa, mpaka mvuke unatoka. Siku ya pili yake baada ya ukaguzi huu, saa tatu, angesimama mbele ya hakimu kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe, na karatasi ambayo hakimu angeisoma kwanza ilikuwa ya Mkaguzi. Karatasi hiyo ndiyo ingesema kama mzee anarudi kwa mkewe au haendi popote.

"Karibu, mama," alisema mkuu wa karakana, mtu mrefu mwenye koti la kazi lililopigwa pasi. "Kazi yenyewe tumekurahisishia."

"Nani kawaomba?"

Mkuu alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Gari lilikuwa ndani, boneti wazi. Mkuu alieleza kwa vidole, kimoja baada ya kingine. Kwanza, sensa ya joto ameitoa mwenyewe na kuipima, ni nzima. Pili, mshale wa dashibodi ni mzima. Tatu, ameunganisha mashine ya kusoma hitilafu, na kompyuta ya gari haina hitilafu hata moja kwenye kumbukumbu yake. "Kama vyote vitatu ni vizima, mama, mshale ulipanda. Na kama ulipanda, aliuona akaendelea na safari. Tena mwenyewe kakiri polisi. Kasema siku hizi lilikuwa linapata joto haraka."

Mkaguzi hakubisha. Maneno hayo yalikuwemo kweli kwenye maelezo ya mzee. Alikuwa ameyasoma mara mbili usiku uliopita na yakamkaa vibaya rohoni. Mwendesha mashtaka alikuwa ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo sensa iko wapi?"

"Nimeirudisha mahali pake."

"Niitolee."

"Mama, nimekwambia nimeipima."

"Nimesikia. Sasa naipima mimi."

Mkuu aliichomoa plagi, akaifungua sensa kwa spana shingo upande, akamkabidhi. Ni kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, kinachokaa shingoni mwa injini, ncha yake ndani ya maji ya kupoozea. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari maji yana joto gani. Kompyuta ikishaambiwa, ndiyo inayousukuma mshale wa dashibodi, na ndiyo inayoamua feni ya rejeta izunguke au ipumzike. Kidude kikinyamaza, au kikidanganya, kila kinachofuata kinadanganyika pamoja nacho.

Aliomba jiko la umeme na sufuria. Fundi mmoja akaleta sufuria ya chai ya karakana, nyeusi nje kuliko injini yenyewe. Mkaguzi akatia maji, akatumbukiza sensa ikining'inia kwenye waya, akaweka kipimajoto kando yake na kuunganisha mita yake kwenye miguu miwili ya sensa. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na kusubiri, kalamu mkononi. Mafundi walisogea kuangalia. Hakuna aliyewahi kumwona ofisa wa serikali akichemsha kipuri.

Maji yakiwa baridi, mita ilisoma omu elfu mbili na mia tatu, omu kikiwa kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme. Yalipopata vuguvugu, namba ikashuka. Sensa hizi zinahesabu kinyumenyume: joto likipanda, namba inashuka. Kwenye digrii sitini ikasoma mia sita kasoro. Kwenye themanini, mia tatu na kidogo. Maji yalipoanza kutokota, ilikuwa chini ya mia mbili. Namba ilishuka kwa utulivu, haikuruka wala kusita, na Mkaguzi aliandika kila hatua.

"Nzima," alisema.

"Si ndivyo nilivyosema," mkuu akajibu, na safari hii akacheka vizuri.

Nzima kweli, na ndiyo maana Mkaguzi alijisikia vibaya. Alikuwa ameingia mlangoni mle akitumaini, ingawa asingemwambia mtu, kwamba sensa ingekuwa mbovu na mzee wa watu angetoka. Sasa sensa nzima ilikuwa inamfunga. Aliiweka juu ya kitambaa mezani ikauke, akaanza kuigeuza kwa ncha ya kalamu, bila sababu, kama mtu anavyochezea kijiko akiwa na mawazo.

Ilikuwa inang'aa. Kila kitu shingoni mwa injini ile kilikuwa na ukoko wa miaka, lakini sensa ilikuwa na rangi ya shaba mpya, na washa yake, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwa haijachakaa.

"Hii ilifungwa lini?"

Mkuu alikohoa. "Wiki tatu hivi."

"Na nani?"

"Na karakana."

"Karakana ina mikono? Niletee daftari la kazi."

Daftari likaja. Siku ya Ijumaa, wiki tatu nyuma, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko mdogo, ulionyooka: *Sensa ya joto mbovu, mpya imeagizwa, inasubiriwa.* Pembeni, tarehe ya Jumamosi, palikuwa na tiki. Hakuna jina wala saini, tiki tu, kubwa, iliyopindapinda.

"Mwandiko ni wa nani?"

"Fundi umeme."

"Na tiki?"

"Tiki ni tiki, mama."

"Tiki hii haina baba wala mama?"

Mafundi wawili waliangalia chini kuficha vicheko. Mkuu aligeuza ukurasa wa daftari, na Mkaguzi hakumkaba. Miaka yake ya kazi ilimfundisha kwamba mtu akikwepa swali, ni afadhali umwache akae nalo kwanza. Alinyanyuka, akatoa mashine yake ya kusoma kwenye begi, akaiunganisha chini ya usukani, akazungusha ufunguo bila kuwasha. Injini yenyewe ilikuwa imekufa, isingewaka, lakini kompyuta ilihitaji umeme tu ili iseme.

Hakuangalia kumbukumbu ya hitilafu. Ile mkuu alikwisha kuiangalia, akaikuta tupu, akazima mashine na kwenda kunywa chai. Mkaguzi alifungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha kompyuta inaona nini sasa hivi, dakika hii. Joto la hewa inayoingia kwenye injini: digrii ishirini na nne. Sawa, asubuhi ilikuwa na ubaridi. Joto la maji ya injini: digrii themanini na nane.

Alivaa miwani. Akasoma tena. Themanini na nane.

"Mwenzangu," aliita, bila kupandisha sauti. "Hebu njoo. Sensa iko wapi?"

"Iko pale mezani."

"Iko mezani, kwenye kitambaa. Plagi yake inaning'inia hapo haijashika kitu. Gari halijawashwa siku nne. Soma hapa."

Mkuu alisoma. Kisha akageuka kuitazama sensa kule mezani.

"Sensa ikichomolewa," Mkaguzi aliendelea, "kompyuta ingetakiwa ilalamike. Ingetuambia imeona baridi ya ajabu, digrii arobaini chini ya sifuri, au iwashe taa. Hii hailalamiki. Hii imetulia tuli, inasema maji yana themanini na nane. Sasa niambie, kama si sensa, ni nani anayeongea na kompyuta?"

Mtu aliyekuwa anagonga bati huko nyuma akaacha, akaja kuona kulikoni.

Mkaguzi aliichukua ile plagi inayoning'inia. Akaweka ncha moja ya mita kwenye plagi, nyingine kwenye soketi ya kompyuta, waya uleule, kuona kama umeme unapita. Haukupita. Akajaribu waya wa pili. Haukupita. Kwa macho, waya ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, umevikwa utepe wake mweusi, umelala juu ya injini kama ulivyotoka kiwandani. Kwa mita, plagi ile haikuwa imeungana na kitu chochote duniani.

Basi akavua miwani na kufumba macho. Alipitisha vidole juu ya fungu la waya, polepole, hatua kwa hatua, kama mama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Mafundi walitazamana. Alipofika nyuma ya injini, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, vidole vilisimama. Kulikuwa na kitu ndani ya utepe, kigumu, si kikubwa kuliko punje ya mchele.

"Wembe."

Aliletewa wembe. Alichana utepe kwa urefu, na chini yake akakuta uzi mwembamba uliozungushwa kwa mizunguko iliyopangana, haukupishana hata mmoja, ukamalizwa kwa fundo dogo lililofichwa. Chini ya uzi kulikuwa na rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, chenye mistari ya rangi, kimeunganishwa kwenye waya mbili zinazokwenda kwenye kompyuta. Waya mbili za upande wa plagi zilikuwa zimekatwa na kuzibwa ncha zake. Alikipima: omu mia mbili na hamsini. Hakuhitaji kuangalia kwenye karatasi zake, lakini aliangalia. Omu mia mbili na hamsini, kwa sensa ya aina ile, ni digrii themanini na nane. Injini iwe ya moto, iwe ya baridi, iwe imelala siku nne, kompyuta ingeambiwa themanini na nane. Mshale ungekaa katikati. Na feni, ambayo husubiri mpaka tisini na tano ndiyo izunguke, isingezunguka milele.

Kwenye barabara tambarare upepo ungesaidia kupooza. Kwenye mlima, gari limejaa, mwendo mdogo, isingewezekana.

"Kazi nzuri," alisema Mkaguzi, na alikuwa anasema kweli, jambo lililomuumiza. "Ya nani?"

Mkuu wa karakana aliutazama ule uzi. "Mshonaji."

Mshonaji ndiye fundi umeme, na jina walimpa kwa sababu waya zake alizimaliza kwa uzi, kama pindo la gauni. Aliitwa kutoka uani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kucha safi kuliko za mtu yeyote mle ndani. Aliona utepe uliochanwa kabla hajamsalimia mtu. Akakaa chini juu ya tairi.

"Shikamoo, mama. Hiyo ilitakiwa iwe imetolewa."

"Marahaba. Anza mwanzo."

Alianza mwanzo. Ijumaa ile sensa ya zamani ilikuwa imeharibika, mara inasoma, mara inakata. Gari likipata moto likizimwa haliwaki, linatoa moshi mweusi. Sensa mpya ilikuwa bado haijafika, na mwishoni mwa wiki gari hilo ndilo pekee lililokuwa zamu. "Nikasema nisiliache likazimika na mgonjwa ndani. Nikakata waya za sensa mbovu isilete fujo, nikaweka rezista. Ni kwa siku mbili tu, Jumatatu nifunge mpya na kuitoa. Na feni nilitaka kuiunganisha moja kwa moja kesho yake asubuhi, izunguke muda wote. Usiku nikapigiwa simu. Mama yangu amezidiwa. Nikaondoka na basi la alfajiri."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Sikuwa na akili siku ile, mama. Nilikaa kwetu wiki mbili."

"Uliporudi?"

"Kitu cha kwanza nilifungua daftari. Nikaona tiki. Nikajua aliyefunga sensa mpya kaitoa rezista."

"Uliangalia?"

Mshonaji alitikisa kichwa.

"Kwa nini hukuangalia?"

"Niliona tiki."

Mkaguzi alimtazama kijana wa watu, na hakuwa na hasira naye, ila alikuwa na swali moja lililokuwa linamkera tangu aliposhika wembe. "Kazi ya siku mbili, mwanangu. Ya kubabaisha tu hadi Jumatatu. Mtu mwingine angeiacha inaning'inia, ameifunga na kitambaa chekundu, kila mmoja aione. Wewe umeishona ukaificha. Umeweka utepe kama wa kiwandani. Kwa nini?"

"Mimi siachi waya uchi, mama," alisema Mshonaji kwa sauti ndogo. "Sijawahi."

Kila fundi mle ndani alimjua Mshonaji, alikuwa amewahi kumsifu kwa jambo hilohilo, na kuwaambia wanafunzi wamwige. Mtu aliyefunga sensa mpya angeweza kuinamia injini saa nzima asione chochote cha kumshtua. Alikuwa ameunganisha sensa nzima kwenye plagi ambayo haikwenda popote.

"Sasa," Mkaguzi alimgeukia mkuu, "tumalize habari ya tiki."

Mkuu alijiinamia. Koti lake lilianza kuonekana kubwa kwake. "Sensa ilifika Ijumaa jioni, mafundi wamekwisha kuondoka. Mafundi hawapo Jumamosi. Yeye alikuwa na zamu, akaniomba. Akasema gari ni lake, anaogopa kubeba mgonjwa na sensa mbovu. Nikampa spana. Nikamwambia akimaliza atie tiki."

"Yeye nani?"

"Mzee Taratibu."

"Dereva haruhusiwi kugusa injini."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza siku nne, mwenzio yuko ndani."

"Mama, niliipima sensa mwenyewe, ikawa nzima," alisema mkuu, na macho yake yalionyesha kwamba anajitetea na bado anaamini. "Nikasema kama ni nzima, basi kaifunga vizuri, na kama kaifunga vizuri, basi kuhusu mshale anadanganya. Nikaona kulitaja jambo la spana ni kujipalia makaa bure."

Alikuwa na hoja yake, na hoja ilikuwa imenyooka, ila ilianzia mahali pabaya. Mkaguzi aliandika yote, akawasainisha wote wawili, akaikata rezista na kuitia kwenye bahasha, na sensa kwenye bahasha ya pili. Lakini alipokuwa anafunga begi, alijua mzee hajatoka bado. Sasa mambo yalikuwa yamekuwa mabaya zaidi. Mwendesha mashtaka angesimama kesho na kusema: mheshimiwa, huyu dereva aliingiza mikono yake mwenyewe kwenye mfumo ule. Alijua kuna ujanja. Aliujua mshale kuwa ni wa uongo na akampakia mgonjwa. Swali lilikuwa moja tu: alijua, au hakujua? Na jibu lake halikuwa kwenye mita.

Saa nane alikuwa kituoni. Walimletea mzee kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili. Mzee Taratibu alikuwa amepungua. Ndevu nyeupe zilikuwa zimemchomoza, na shati lake alilichomekea vizuri ingawa mkanda walikuwa wamemnyang'anya.

Mkaguzi hakumwambia alichokuta. Aliifungua bahasha ya pili, akaiweka sensa mezani.

"Mzee wangu, hii uliifungaje?"

Mzee aliitazama muda mrefu. Kisha mabega yakashuka, kama ya mtu aliyebeba gunia akaambiwa shusha.

"Mkuu kakwambia?"

"Kaniambia. Nieleze wewe."

"Nilisubiri injini ipoe. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi makusudi, iwe imepoa usiku kucha. Nikafungua ile ya zamani, maji yakamwagika kidogo, nikaweka kitambaa. Nikaweka washa mpya. Nikakaza kwa mkono kwanza, halafu spana, lakini si kwa nguvu. Nikasukuma plagi mpaka ikalia." Alionyesha kwa vidole. "Basi. Nikatia tiki. Ile tiki ni yangu."

"Halafu?"

"Nikawasha kujaribu. Mshale ukapanda mara moja, ukasimama katikati. Nikafurahi, mama. Nikajisemea, kumbe na mimi mzee ni fundi."

"Injini ilikuwa baridi?"

"Baridi kabisa. Ilikuwa imelala."

"Na mshale ukapanda mara moja."

"Mara moja. Na kila asubuhi ikawa hivyo. Nikiwasha tu, mshale uko katikati. Hata polisi niliwaambia, siku hizi linapata joto haraka. Nilidhani ndiyo upya wa sensa."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Hapo ndipo jibu lilipokuwa, kwenye mstari uleule wenye wino mwekundu. Injini baridi haipandi digrii themanini na nane kwa sekunde moja. Mshale wa namna hiyo unajishtaki wenyewe. Mtu anayejua ujanja wa rezista angelificha jambo hilo kuliko lolote. Mzee huyu alikuwa amewasimulia polisi, na sasa yeye, bila kuulizwa, tena kwa furaha. Hakujua. Mkaguzi alitaka kujiridhisha, akaigeuza hoja mara tatu kutafuta tundu, hakuliona.

"Kwa nini hukusema kwamba uliifunga wewe?"

"Mkuu angefukuzwa. Na..." Alivuta kola ya shati. "Na nilijua nimekosea mahali. Toka siku ile nalala naifungua na kuifunga, naifungua na kuifunga. Pengine washa ilikaa upande. Pengine nilikaza sana. Nimemuua mwalimu wa watu kwa mkono wangu mbovu. Niseme nini?"

"Niliichemsha asubuhi hii," alisema Mkaguzi. "Ni nzima. Na ulipoifunga, uliifunga vizuri kuliko fundi. Haikuvuja hata tone."

Akamweleza yote, taratibu: waya zilizokatwa, rezista, utepe, mama yake Mshonaji, daftari. Mzee alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, machozi yalimtoka mzee, hakuyafuta, na kwa muda Mkaguzi aliangalia dirishani ili ampe nafasi. Alikuwa anafurahi pia, na hakuona haya kwamba anafurahi. Ni mara chache kazi yake humfungulia mtu mlango.

Lakini mzee alikuwa bado anafikiri. Watu wanaoendesha taratibu hufikiri hivyohivyo.

"Mama. Huyo kijana aliporudi, aliona tiki, ndiyo akaacha."

"Ndiyo."

"Na tiki niliitia mimi."

Mkaguzi alikwisha kuona mzee anakoelekea, na alitamani aishie hapo.

"Kwa hiyo kama ningeiacha sensa kwenye boksi lake," mzee alisema polepole, "nikaenda zangu nyumbani, daftari lingebaki wazi. Kijana angerudi, angeona kazi yake haijaisha. Angeifunga, na hicho kidude chake angekitoa."

"Ni hivyo."

"Na mwalimu angefika."

Mkaguzi angeweza kusema hajui. Ni neno dogo, na hakuna hakimu ambaye angemuuliza. Lakini mtu alikuwa amemuuliza swali, naye alikuwa na jibu lake, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kuficha kipimo kwa sababu hakikumpendeza.

"Gari lingefika juu," alisema. "Hilo najua. Kuhusu mwalimu sijui, alikuwa mgonjwa sana. Ila gari lingefika."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Aliishika sensa, akaigeuza, akairudisha mezani palepale ilipokuwa.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Nilikuwa najua nimemuua kwa mkono mbovu. Kumbe ulikuwa mzuri."

Mkaguzi alimsogezea karatasi za ripoti yake, pamoja na maelezo ya mzee, ili azisome kabla hazijapelekwa kwa mwendesha mashtaka jioni ile. Mzee aliomba miwani. Hakuwa na yake, kwa hiyo Mkaguzi alivua kamba shingoni akampa ya kwake. Alisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno, midomo ikitembea. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba dereva hana kosa, kidole kilisimama, na kilikaa hapo muda mrefu.

"Hapa ni lazima pasemwe hivi?"

"Ndiyo sheria, mzee wangu. Na ndiyo kweli."

Aliisoma sentensi ile tena. Kisha akasaini chini yake, jina lake lote, akamrudishia Mkaguzi miwani, na kuuliza kama anaweza kukaa kidogo kabla hawajamwita mkewe.